Nilikwenda Woodstock na Viatu vya Idi

Kwa zaidi ya miaka 40 nimekuwa nikiwaambia watu kwamba nilimwona mpiga gitaa Jimi Hendrix kwa macho yangu. Sikumwona. Naanza na hilo kwa sababu mjukuu wangu anayenichapia haya amesema kama nasimulia basi nisimulie kweli, na mwenye kompyuta ni yeye.

Kwenye tamasha la muziki la Woodstock nilikuwepo, hilo halina shaka. Ijumaa ya tarehe 15 Agosti 1969, nikiwa na miaka 22, niliingia kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa la Max Yasgur huko Bethel, jimbo la New York. Nilivaa suruali ya kitambaa iliyopigwa pasi, shati la mikono mirefu, na viatu vyeusi vya ngozi alivyoninunulia mama kwa ajili ya Idi kabla sijaondoka Mombasa. Kushoto kwangu alipita kijana aliyejifunga bendera kiunoni bila kingine chochote. Akaniangalia mimi kwa mshangao.

Nilifika Marekani mwaka 1967. Si kwa zile ndege za wanafunzi za mwanasiasa wetu Tom Mboya. Hizo zilikuwa zimekwisha. Ya kwanza ilitua New York Septemba 1959 na wanafunzi 81, na zilizofuata ndizo zilizomchukua kaka yangu, mtoto wa ami. Aliporudi na shahada na gari, ukoo mzima ukakubaliana kwamba lazima apatikane wa pili. Nikawa mimi. Ufadhili nilioupata ulilipa karo peke yake, kwa hiyo nauli na nguo zilitoka kwa watu. Baba aliuza minazi yetu ya Mtwapa. Minazi tu, ardhi ikabaki, maana kwetu Pwani mtu huweza kuuza mti akabaki na ardhi ulipoota. Dada yangu alitoa bangili moja kati ya mbili za arusi yake. Mjomba aliandika kila mchango kwenye daftari, jina kwa jina, shilingi kwa shilingi, na usiku wa kuamkia safari akanifungulia nilisome lote mbele ya watu. Viatu vya Idi vilikuwa ukurasa wa tatu.

Mtu wa namna hiyo ndiye aliyefika New York mwaka ambao watoto wa wenye nyumba na magari walikuwa wanatupa tai zao.

Nilipanga chumba Harlem, mtaa wa Weusi, kwa mama mmoja mjane, mzaliwa wa South Carolina. Nilimwita Mama tangu wiki ya kwanza na yeye akaniita mwanangu, hatukujadiliana. Alikuwa na masharti matatu: kodi ni Ijumaa, samaki hakaangwi usiku, na Jumapili asisemeshwe kabla hajarudi kanisani. Alijua mimi ni Mwislamu. Siku za nyama ya nguruwe alinifunikia sahani yangu ya mayai pembeni, bila neno. Jikoni alikuwa na wimbo mmoja wa zamani, wa enzi za utumwa, unaomzungumzia mtoto asiye na mama aliye mbali na kwao. Aliuimba kwa kuvumisha pua tu, akiosha vyombo. Nilikuwa nikiusikia kupitia ukutani, siku nyingine nikatamani aache.

Majira ya joto ya 1969 Harlem ilikuwa na tamasha lake. Mwimbaji mmoja, Tony Lawrence, alikuwa ameandaa maonyesho ya bure Mount Morris Park, ambayo leo inaitwa Marcus Garvey Park: Jumapili sita kuanzia tarehe 29 Juni hadi 24 Agosti. Kutoka nyumbani ni dakika tano kwa miguu. Mama alikwenda na kofia yake ya njano na kiti cha mbao cha kukunja, na kazi ya kukibeba kiti ikawa yangu. Kizito kile! Ukikitazama utadhani cha mtoto.

Jumapili ya tarehe 13 Julai ilikuwa ya nyimbo za kanisani. Mahalia Jackson alikuwepo, na Mavis Staples, na wawili hao wakauimba pamoja ule wimbo aliokuwa akiupenda Dk. Martin Luther King, aliyeuawa mwaka uliotangulia. Mimi nimekulia kwenye maulidi. Najua watu wanavyokuwa kasida ikishawashika: mabega yanaanza kuyumba kabla mwenyewe hajatambua, halafu mzee mmoja kule nyuma anapaza sauti, na hapo tena hakuna anayejizuia. Niliyaona yale yale bustanini, mchana kweupe. Mama alisimama. Nikabaki nimekishika kiti kana kwamba kitaondoka. Sikulia, lakini nilitazama juu sana kwenye miti.

Wiki iliyofuata, tarehe 20, aliimba Stevie Wonder. Alikuwa na miaka 19. Siku hiyo hiyo Wamarekani walitua mwezini, na sikumwona mtu pale aliyejuta kuikosa televisheni. Mama alisema kama nauli ya kwenda mwezini imepatikana, wangeanza kwa kupitia jikoni kwake kumtazamia bomba.

Kabla ya Jumapili hizo mbili kulikuwa na Jumamosi moja ambayo hadi leo siipendi. Tarehe 5 Julai Tom Mboya alipigwa risasi Government Road, Nairobi, akitoka duka la dawa. Wakenya tuliokuwa New York tulitafutana kwa simu, tukakusanyika chumbani kwa mwenzetu mmoja, Waluo, Wakikuyu, sisi wa Pwani, na kwa mara ya kwanza tangu tufahamiane nikaona watu wanachagua pa kukaa. Nilirudi usiku. Mama alikuwa macho. Nikamweleza Mboya alikuwa nani, na kwamba bila yeye kaka yangu asingesoma, na pengine mimi nisingekuwa nimesimama jikoni kwake. Akasikiliza mpaka mwisho. Harlem ile ilikuwa imemzika Malcolm X miaka minne tu nyuma, naye alikuwa miongoni mwa waliopanga foleni kuuaga mwili. Akaniuliza, "Na kwenu pia?" Basi. Akanipakulia chakula.

Baadaye sana, nikiwa mtu mzima, ndipo nilipojua kwamba Mboya alizaliwa tarehe 15 Agosti. Ile Ijumaa niliyoingia Bethel ndiyo siku angetimiza miaka 39.

Nadhani ndiyo maana nilikubali kwenda. Nilitaka kutoka mjini. Nilikuwa nikifanya kazi maktaba ya chuo, dola 1.60 kwa saa, kupanga vitabu pamoja na kijana wa Kizungu nitakayemwita Ndevu, kwa sababu alikuwa nazo na kwa sababu yu hai na ana wajukuu. Tikiti ya siku tatu ilikuwa dola 18. Fanya hesabu: zaidi ya saa 11 za kupanga vitabu, kwa pesa zetu za wakati ule, shilingi kama 128. Nililipa. Barua yangu kwa baba ilisema nimealikwa na rafiki kutembelea shamba lenye ng'ombe wengi, jambo ambalo ukilitazama vizuri si uongo.

Kwa Mama nilifanya kosa kubwa zaidi. Jumapili ya tarehe 17 ilikuwa zamu ya mwimbaji Nina Simone, na Mama alinikumbusha kuhusu kiti tangu mwezi uliopita. Nikamwambia, "Mama, ni mwendo wa saa mbili tu. Jumamosi usiku nimerudi."

Tuliondoka alfajiri kwa Volkswagen ya Ndevu, ile ya mgongo wa kobe. Njiani alinieleza anavyotaka kuishi. Baba yake alikuwa na ofisi ya bima na nyumba yenye mabafu matatu, na Ndevu alikuwa amechoka na vyote. Alitaka maisha ya kweli: nyumba ya udongo, kisima, taa ya mafuta, kula alichokilima kwa mikono yake. Nikamwambia bibi yangu ana nyumba hiyo hiyo Mtwapa. "Ukimpelekea bomba la maji," nikasema, "anakuachia leo leo." Alicheka, lakini niliona amekwazika. Alidhani nafanya mzaha na jambo takatifu. Mimi nami nilikwazika, kwa sababu nilikuwa nimetumwa na watu 60 na kitu walioandikwa daftarini nikatafute yale mabafu matatu.

Sikumwambia hivyo. Yalinijia baadaye, kama majibu mazuri yanavyokuja.

Karibu na Bethel, kwenye barabara ya 17B, magari yalisimama. Hayakuwa yakienda polepole, yalisimama kabisa, na watu wakawa wameyaacha wanakwenda kwa miguu. Tukaliegesha letu kwenye majani tukawafuata. Wazee wa vijijini walikuwa wametoa viti mbele ya nyumba zao wanatutazama, kama wanavyotazama watu maandamano ya bwana arusi yakipita. Bibi mmoja alikuwa na ndoo na kopo, anagawa maji. Nikauliza bei, kwa mazoea: Mombasa nilikokulia maji yalikuja na mkokoteni na kulipiwa kwa debe. Alinitazama kama nimemtukana. Nilikuja kusikia kwamba Yasgur mwenyewe alikasirika sana alipoambiwa kuna majirani wanauza maji, akasema yake yatolewe bure.

Tikiti yangu haikuguswa na mtu. Tamasha lilikuwa limefukuzwa mji wa Wallkill, lilikopangwa kwanza, katikati ya Julai, na muda uliobaki haukutosha kujenga kila kitu. Jukwaa lilipatikana, uzio ukabaki nusu, ukakanyagwa. Tikiti 186,000 zilikuwa zimeshauzwa, na waliofika walikadiriwa kuwa zaidi ya 400,000. Yangu ninayo hadi leo, nzima, haijachanwa. Mjukuu ananiambia kuna watu wananunua vitu hivyo kwa bei.

Sauti ya kwanza niliisikia kabla ya kuliona jukwaa. Ilikuwa gitaa inayopigwa kama ngoma, na mtu mmoja analirudia neno moja: uhuru, uhuru, uhuru. Kwa Kiingereza, bila shaka. Lakini mimi nilikuwa na miaka 16 tulipoipandisha bendera yetu Desemba 1963, na neno hilo masikioni mwangu lina sare za skauti na brasi bendi. Tulipotokea juu ya kilima nikamwona ni Mweusi, mrefu, kanzu imemlowa jasho mgongoni. Ndiye Richie Havens, wa Brooklyn. Wengine walikuwa wamekwama barabarani wakisubiri helikopta, kwa hiyo kila alipotaka kushuka alirudishwa, mpaka nyimbo zikamwishia akaanza kubuni pale pale. Na katikati ya kubuni huko akauingiza wimbo wa mtoto asiye na mama. Ule wa jikoni kwetu! Kati ya watu wote wale, wengi wao watoto wa wenye mabafu matatu, nikasikia vyombo vinaoshwa.

Nikatazama pande zote kuhesabu Weusi wenzangu. Sikumaliza vidole vya mikono miwili.

Sitawachosha na orodha ya waliopiga. Orodha iko kila mahali. Nilipokuwa nimekaa, wanamuziki walikuwa na ukubwa wa njugu. Muziki ulitufikia vizuri upepo ukikubali. Usiku wa Ijumaa mvua ilianza Ravi Shankar akiwa jukwaani na sitar yake, na Joan Baez, mwenye mimba ya miezi sita, akafunga usiku ule akitusimulia habari za mumewe aliyekuwa gerezani kwa kukataa kwenda vitani. Hapo nilimwona Ndevu amejikunyata. Alikuwa amepunguza masomo, na mwanafunzi akiacha chuo kinga yake dhidi ya jeshi huondoka. Mimi nilikuwa na viza ya mwanafunzi, Vietnam haikunihusu. Ni ajabu kukaa katikati ya vijana wa rika lako, nguvu zile, nywele zile, ukajua kwamba kuliko wengi wao wewe ndiye una hakika ya mwakani.

Ijumaa ile sikuswali. Alfajiri ya Jumamosi nikaona haya, nikatawadha kwa maji ya chupa, nikatandika koti kwenye tope, kibla nikaikisia kwa kupambazuka kwa jua. Nilipotoa salamu kuliani nikakuta safu. Watu watatu walikuwa wamejipanga pembeni mwangu, wamepiga magoti kama mimi, wamefumba macho, na binti mmoja ana shanga hadi kiunoni. Alipoyafungua akaniuliza mazoezi haya yanatoka nchi gani. Nikamwambia ni sala. Akasema, "Nzuri sana," kwa moyo mweupe kabisa, akauliza kama kuna nyingine. Nikamjibu zipo, nyingine ni adhuhuri. Hakurudi, lakini mmoja wa wale wanaume alirudi.

Njaa ilianza siku hiyo. Vibanda vya chakula vilielemewa, vilivyobaki vikapandisha bei, na usiku baadhi vikachomwa moto na watu wenye hasira. Amani yote ile ina mipaka, nayo iko tumboni. Waliotuokoa ni watu wa Hog Farm, jamii ya mahipi waliokuja na masufuria yao. Nilipanga foleni nikapewa bulga na mboga kwenye sahani ya karatasi. Nikaonja. Boko-boko! Boko-boko bila nyama, bila samli, na aliyepika hajawahi kufunzwa na mtu, lakini ngano ni ngano. Nikarudi mara ya pili. Jumapili asubuhi kiongozi wao, Wavy Gravy, alitangaza jukwaani kwamba tutaletewa kifungua kinywa tulipolala, watu 400,000, na kweli vikapitishwa vikombe vya shayiri iliyokaangwa. Hiyo sikuimaliza. Kwetu chakula hicho anapewa punda wa mkokoteni, na punda wenyewe hulazimishwa.

Kulikuwa na bwawa, na watu walikuwa wakioga uchi, wanaume kwa wanawake, bila kujificha wala kujionyesha. Nitasema nini? Nilitazama, kisha nikatazama ng'ombe. Mfukoni nilikuwa na barua ya binamu yangu wa kike aliyekuwa akifanya kazi Dar es Salaam, akinilalamikia Operesheni Vijana: mwaka ule vijana wa TANU Youth League, umoja wa vijana wa chama tawala, walikuwa wanasimamisha wasichana barabarani kwa ajili ya sketi fupi na mawigi, na wavulana kwa suruali za kubana. Aliniuliza, huko Marekani nako wanapimwa magoti? Nilipanga kumjibu. Sikujua nianzie wapi, sikumjibu.

Bangi ilikuwepo, naijua harufu yake toka utotoni, na vilikuwepo vidonge vibaya zaidi. Jukwaani walituonya juu ya vile vya kahawia. Nilimshika mkono mvulana mmoja saa nzima akiamini kwamba nyasi zinamwita kwa jina. Na kijana wa miaka 17 alikufa asubuhi amejifunika ndani ya mfuko wake wa kulalia, akakanyagwa na trekta lililokuwa likivuta tangi la maji taka. Wasimulizi huwa hawamtaji. Hata mimi nilikuwa simtaji.

Jumamosi usiku, saa niliyomwahidi Mama kwamba nitakuwa nyumbani, gari la Ndevu lilikuwa limezibwa mbele na nyuma na magari yasiyo na watu. Kwenye simu za kulipia watu walipanga foleni hadi haionekani mwisho. Nilipanga, nikakata tamaa, nikapanga tena.

Jumapili mchana, mara baada ya Joe Cocker kushuka, wingu jeusi likaja kutoka nyuma ya jukwaa. Tuliambiwa tukae mbali na minara ya spika. Watu wakaanza kuimba kwa pamoja kuikataza mvua, na mvua ikafanya mvua inavyofanya. Viatu vyangu nilikuwa nimevifunga kamba na kuvitundika shingoni tangu jana yake. Katika kusukumana kamba ikakatika. Cha kulia nilikidaka. Cha kushoto kilizama, na tope la Bethel ni la shamba la ng'ombe, sihitaji kueleza.

Nilipiga magoti nikakitafuta kwa mikono. Pembeni yangu mamia ya watu walikuwa wanateleza kwenye tope wakicheka, na mmoja alidhani nimejiunga, akanivuta miguu. Binti nisiyemjua akapiga magoti akanisaidia. Tulichimbua pamoja labda nusu saa. Tulipata kijiko, miwani, na kandambili ya mtoto. Akaniuliza kiatu hicho kina nini. Nikamwambia, "Kimeandikwa daftarini." Akatikisa kichwa kana kwamba ameelewa. Siku zile tatu watu walitikisa kichwa kwa kila kitu, lakini hakuacha kuchimba, na ninapomkumbuka huyu binti siwezi kuyadharau yote, hata nikitaka.

Saa ile ile, Harlem, Nina Simone alikuwa anaimba dakika tano kutoka kitandani kwangu.

Jumatatu asubuhi watu wengi walikuwa wameshaondoka. Nasi tulikuwa barabarani, tunalitafuta gari, mimi nikiwa pekupeku na kiatu kimoja mkononi, tuliposikia kutoka nyuma, mbali, kitu kama bati linalokwaruzwa na mtu mwenye uchungu. Ndevu akasimama. "Ni wimbo wa taifa," akasema. Nikamwambia haiwezekani. Akasimama mpaka ukaisha, kofia mkononi, kijana aliyesema hana nchi. Huyo ndiye Hendrix wangu: bati la mbali, na uso wa Ndevu.

Nilifika nyumbani jioni. Kiti kilikuwa ukumbini, kimekunjwa, kimeegemezwa ukutani mahali pake. Mama alitoka jikoni akaniangalia kuanzia nywele hadi nyayo. Nikaanza kueleza habari za barabara kufungwa, helikopta, magari. Akasubiri. Nilipomaliza akasema, "Nilisimama." Kisha akaniletea beseni la maji ya moto palepale mlangoni, nisimchafulie zulia. Nikiwa naosha miguu akanihesabia walioimba: Nina, B.B. King, "na yule kijana wenu mwenye tarumbeta." Hugh Masekela, wa Afrika Kusini. Kijana wetu. Nilikuwa nimekwenda kulala kwenye mavi ya ng'ombe kumtafuta sijui nani, na Afrika ilikuwa imekuja hadi mtaani kwangu ikakuta sipo.

Tarehe 1 Desemba mwaka ule serikali ilifanya bahati nasibu ya jeshi: vidonge 366 vya plastiki ya buluu ndani ya chombo cha kioo, kila kimoja na tarehe ya kuzaliwa ndani. Ndevu alikuja kuitazama kwenye televisheni ya Mama, sebuleni. Tarehe yake ilitoka mapema. Akaweka kikombe chini taratibu. Mama alikuwa na mpwa wake huko Vietnam tangu mwaka uliopita. Hakuwa na chuo cha kumkinga. Akasema, "Wa kwangu hawakumfanyia bahati nasibu." Hakusema kwa ukali. Halafu akamwongeza Ndevu chai. Kabla ya masika Ndevu alikuwa ameshavuka kwenda Canada, na mwaka 1971 akaniletea picha ya nyumba yake mpya kijijini Ontario. Ilikuwa na kisima kweli. Nyuma ya picha ameandika kwamba maji yameganda tangu Novemba, na ananiomba anwani ya bibi yangu.

Niliporudi Mombasa mwaka 1973 hakuna aliyeniuliza habari za Mount Morris Park. Woodstock ilikuwa imeshatolewa filamu, vijana wa mjini wameivalia hadi suruali, na swali lilikuwa moja tu: Hendrix ulimwona? Mara ya kwanza nilitikisa kichwa tu, sikutamka. Mara ya pili nikatamka. Mara ya tatu nikamvisha na nguo. Mjomba yeye aliuliza kuhusu viatu. Nikamwambia vimechakaa, akafuta mstari kwenye daftari.

Mahipi wenyewe nikawakuta tena Lamu miaka ile, wamejifunga vikoi, pekupeku, wanauliza nyumba isiyo na umeme. Wazee wa msikitini walilalamikia mapaja. Mimi nilikuwa nimevaa tai, nimetumwa na ofisi kukagua hesabu, na mmoja aliponiona akampa mwenzake ishara, nadhani ya kunihurumia. Nikataka kumwambia kitu. Boti ikapiga honi.

Picha za Harlem zilikaa stoo zaidi ya nusu karne, hakuna aliyezitaka, ndipo zikatoka katika filamu mwaka 2021. Mjukuu aliitafuta tukaitazama pamoja, mimi na miwani miwili, wa kusomea na wa mbali, napokezana. Mahalia akaja, na Mavis kipaza sauti mkononi. Nilikuwa sitazami jukwaa. Kofia za njano ni nyingi, sikujua kama zilikuwa nyingi namna ile. Alipotokea Nina nikasogea karibu na kioo. Kamera ilipita juu ya watu waliokaa, ikafika kwa waliosimama nyuma.

"Babu, unatafuta nini?"

Nikamwambia arudishe nyuma kidogo.